Marehemu Hatibiwi Macho

Asubuhi ile mama mkwe wake alipoambiwa dirishani kwamba ameshafariki, Injinia alikuwa ghorofani katika chumba cha seva, akijipongeza.

Kwa maoni yake alikuwa na kila haki ya kujipongeza. Yeye ndiye aliyeiunganisha seva ya hospitali ya macho na seva ya Ofisi ya Vizazi na Vifo, iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Nia ilikuwa njema. Wazee walitibiwa bure pale, na wajanja fulani walikuwa wakija na kadi za baba zao marehemu kujichukulia miwani. Basi ikaamuliwa kwamba mgonjwa akishatoa namba ya kadi, seva ya hospitali iiulize ile ya ng'ambo: huyu bado yupo, au ametutoka? Jibu lirudi, karani alione kwenye skrini, foleni isogee. Siku ya uzinduzi Mkurugenzi alikata utepe uliofungwa kwenye kabati la chuma, akatangaza kwamba kuanzia leo seva hizi mbili ni mume na mke. Watu wakapiga makofi. Hata lile jina la Injinia mwenyewe alijipa siku hiyohiyo, akalishikilia mpaka wenzake wakachoka kubisha.

Huko chini dirishani mambo yalikuwa hivi. Mama mkwe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa ameshaacha kuona nyuso. Wajukuu aliwajua kwa sauti na kwa jinsi walivyoburuta miguu. Alisikia kwamba kuna daktari bingwa mgeni, amekuja kupasua macho mpaka Alhamisi tu, kisha anapanda ndege aende zake. Akampa karani kadi yake.

"Pole sana, Mama," karani akasema.

"Pole ya nini tena?"

"Mashine inasema umefariki."

"Mimi?"

"Si namba yako hii?"

"Ni yangu."

"Basi ni wewe."

"Mwanangu, si unaniona nimesimama hapa?"

"Nakuona, Mama. Ila marehemu hatibiwi macho. Aliye nyuma yako asogee."

Aliye nyuma yake naye alikuwa amefariki. Na wa nyuma ya huyo vilevile. Foleni nzima ilikuwa marehemu watupu, wengine na fimbo zao, wengine wakikohoa, na karani akawapa pole mmoja mmoja mpaka koo likamkauka. Haikumpitia kichwani hata kidogo kwamba msiba wa namna hiyo si wa kawaida.

Jioni Injinia alipoingia nyumbani, mkewe alimpokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Umemuua mama yangu."

"Nani? Mimi? Tatizo liko upande wa pili."

Upande wa pili kulikuwa na fundi wa Vizazi na Vifo, mtu aliyeitwa Bwana Taratibu kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Injinia akampigia simu. Bwana Taratibu akasema seva yake ni nzima, labda Injinia aangalie ya kwake. Injinia akasema ya kwake ni nzima kabisa. Wakaagana kwa heshima zote, kila mmoja akiamini mwenzake ni mbumbumbu.

Kesho yake Injinia akakunja mikono ya shati. Akakagua waya. Akazima, akawasha. Akatazama ruhusa: seva ya hospitali inaruhusiwa kuuliza? Inaruhusiwa. Nywila ni sahihi? Sahihi. Swali linafika? Linafika. Jibu linarudi? Linarudi bila kasoro, na ndiyo maana lilimtia wazimu, kwani mashine iliyokosea huwa inalalamika kwa maandishi mekundu, na hii ilikuwa imetulia tuli.

Alichogundua ni kwamba swali lilikuwa linachelewa. Badala ya kuulizia mtu mmoja, seva ya hospitali ilikuwa ikiagiza majina ya kila aliyewahi kuzaliwa, yote yavutwe kutoka ng'ambo, ndipo ikae iyachambue yenyewe, kama mtu anayepepeta gunia zima la mchele kutafuta chuya moja. Injinia akaliandika swali upya, ile seva ya pili ichambue hukohuko kwake na kuleta jina moja tu. Likawa jepesi ajabu. Mwanzoni mgonjwa alisubiri mpaka magoti yamuume kabla ya kuambiwa amekufa. Sasa aliambiwa papo hapo. Mkurugenzi alifurahishwa mno na kasi hiyo, akampa Injinia kichwa mbele ya wakuu wa idara wote, na Injinia akakipokea.

Mama mkwe hakukata tamaa. Alivushwa barabara na binti yake mpaka Vizazi na Vifo, wakathibitisha bila ubishi kwamba yu hai, wakamchapia karatasi yenye mhuri: jina lake, namba yake, na mbele ya neno "Hali" herufi moja, H. Akarudi nayo dirishani. Karani akaisoma, akavua miwani kwa huzuni.

"Si unaona, Mama? Hata wao wamekubali."

Siku mbili kabla ya daktari mgeni kuondoka, wakiwa mezani kwa chakula cha jioni, simu ikalia. Ilikuwa simu ya mzee, yaani baba mkwe, aliyefariki miaka mingi nyuma. Mjane wake alikataa kuizima, akawa anaichaji kila jioni kama mtu anayempelekea mwenzake maji ya kuoga. Binti akaisoma meseji kwa sauti. "Ndugu mgonjwa, umepangiwa upasuaji wa macho siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Fika bila kula chochote."

Injinia akarudisha tonge sahanini. Akaacha chakula, akafungua kompyuta yake, na kwa mara ya kwanza tangu aziunganishe zile seva akasoma maana ya zile herufi.

Vizazi na Vifo waliandika H kwa mtu Hai, na M kwa Marehemu. Hospitali nao waliandika M kwa mtu Mzima wa afya, na H kwa Hayati, kwa sababu mkurugenzi wa zamani aliona kumwita mgonjwa wako marehemu ni ukosefu wa adabu. Kila ofisi ilikuwa sahihi kwake. Seva ya hospitali iliuliza vizuri, ikajibiwa ukweli mtupu, ikausoma ukweli huo kichwa chini miguu juu. Walio hai wote walikuwa wamezikwa, na wafu wote walikuwa wakipangiwa tarehe za matibabu. Mzee alikufa akisubiri zamu yake ya upasuaji. Hatimaye zamu ilikuwa imefika.

Kuuliza maana ya herufi mbili kungechukua muda wa kunywa glasi ya maji. Injinia hakuuliza, kwa sababu anayeuliza huonekana hajui.

"Kwa hiyo unaweza kurekebisha?" mkewe akauliza.

"Ni mstari mmoja tu. Nikipokea H niigeuze iwe M, na M iwe H. Basi."

"Na mama ataingia kwenye orodha ya Alhamisi?"

Akajikuna shingo. Orodha ilikuwa imeshafungwa na Mkurugenzi ameshatia sahihi. Aliyekuwamo alikuwamo, na waliokuwamo wote walikuwa makaburini.

Mama mkwe, aliyekuwa akitafuna taratibu, akafuta mdomo. "Mashine inasema mzee yu hai na macho yake mabovu," akasema. "Mimi ni hai na macho yangu mabovu. Kadi yake ninayo. Acha nikamwakilishe."

"Lakini Mama, kadi imeandikwa mwanamume!"

"Yule karani hasomi watu, mwanangu. Anasoma kioo chake."

Hilo hakuna aliyeweza kulipinga. Mke wa Injinia akamgeukia mumewe, akamnyooshea kijiko. "Usiiguse hiyo mashine mpaka mama atoke chumba cha upasuaji. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Siigusi."

Na alikuwa anasema kweli, wakati huo. Tusimwonee.

Alhamisi kadi ya mzee ilipita dirishani bila hata swali. Karani alisema "Karibu, Mzee," akamwelekeza mama mkwe njia ya chumba cha upasuaji. Lakini asubuhi hiyohiyo walikuja wageni kutoka wizarani, kuja kuiona ile ndoa ya seva iliyosifiwa sana. Getini wakakuta umati wa wazee wenye hasira, wakidai kwa sauti kubwa kwamba wao ni hai. Mkurugenzi akapanda ngazi huku akitabasamu kwa meno na kutokwa jasho kwa kila sehemu nyingine, akawaingiza wageni chumba cha seva.

"Huyu ndiye fundi wetu," akasema.

"Injinia," Injinia akasahihisha.

Mkuu wa msafara, mama mmoja mwenye daftari zuri, akamtazama. "Haya, Injinia. Hawa wazee wako hai au hawako hai?"

Injinia akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa nne. Mama mkwe alipangiwa saa tatu. Jicho lenyewe, wanasema, halichukui muda. Atakuwa ameshamaliza. Chumba cha upasuaji kilikuwa chini yake hasa, ngazi moja tu. Angeweza kushuka akachungulia. Angeweza hata kupiga simu. Lakini yule mama wa wizarani alikuwa anamtazama yeye, na Mkurugenzi alikuwa anamtazama yeye, na katika maisha yake yote hajawahi kutazamwa na watu wakubwa wengi kiasi kile kwa wakati mmoja.

"Tatizo lilikuwa upande wa pili," akasema, akivuta kiti. "Ila mimi naweza kulitatua nikiwa hapahapa."

Akaandika ule mstari, vidole vikiruka zaidi ya ilivyohitajika. Akabonyeza. Mara kelele zikapanda kutoka dirishani kule chini, vigelegele na fimbo zikigongwa sakafuni: karani alikuwa anawafufua mmoja baada ya mwingine. Mkurugenzi akamkumbatia. Wageni wakapiga makofi, wakapiga picha, na mchana ukaletwa mkate wa sukari na soda, na hotuba, na hotuba nyingine.

Injinia alirudi nyumbani akipiga mluzi, na cheti kwapani, kimeshawekwa kwenye fremu. Mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni, pamba ikiwa imebandikwa juu ya jicho la kulia. Moyo wa Injinia ukatulia.

"Hongera, Mama! Unaonaje sasa?"

Mama mkwe akageuza uso kufuata sauti, akautuliza pembeni kidogo, kwenye mwimo wa mlango, akautabasamia mwimo.

"Mwanangu, leo umefanya kazi! Makofi yenu tuliyasikia mpaka kule kitandani. Daktari alichelewa, masikini, aliwasubiri wale wa kabla yangu na hawakutokea. Nikaitwa mimi. Nikavalishwa kofia, nikatiwa dawa ya ganzi, jicho likafa kabisa. Muuguzi akatazama skrini ahakikishe jina. Akasema, daktari, samahani, huyu mgonjwa ametutoka."

Injinia akaibana fremu kwapani.

"Nikawaambia mimi si mzee, mimi ni mkewe. Wakatafuta namba yangu. Wakasema kweli kabisa, Mama, wewe ni hai, hongera, lakini jina lako halimo kwenye orodha. Daktari akanishika mkono, akaniomba radhi kwa lugha yao. Akaenda kupanda ndege."

"Atarudi lini?"

"Hawajui kama atarudi."

Injinia alimtazama mkewe akisubiri apigiwe kelele. Alitamani kelele, kelele angejua pa kuziweka. Mkewe alimjia, akachomoa ile fremu kwapani mwake, akaipangusa kioo kwa upindo wa khanga, akamrudishia mkononi.

"Msomee mama," akasema. "Yeye haoni."

"Basi tena, mke wangu, kesho..."

"Msomee."

Injinia akaanza. Cheti kilisema kwamba hospitali inamtunuku kwa kutambua juhudi zake za kuhakikisha wazee wetu wanaendelea kuona. Mama mkwe alisikiliza ameinamisha kichwa, akiitikia vizuri kila palipohitaji kuitikiwa. Injinia akasoma sahihi ya Mkurugenzi, akasoma na tarehe, maana mkewe hakumwambia inatosha.