Rula ya Mwalimu Mstaafu

Miaka thelathini na minne Mwalimu alifundisha Kiingereza cha Waingereza, na kwake hakukuwa na kingine. Ratiba, kwa Kiingereza chake, iliitwa *shedyuli*. Aliyethubutu kusema *skejuli* kama Wamarekani alisikia rula ikigonga meza, pa! Hata binti yake hakuachwa. Alijifunza neno hilo nyumbani, kwenye meza ya chakula, rula ikiwa karibu na sahani.

Sasa binti huyo alikuwa kwenye majaribio katika kituo cha simu kinachohudumia wateja wa Marekani. Mtihani wa matamshi alikuwa ameufeli mara mbili. Wa tatu ulikuwa Jumatatu, na ndio wa mwisho.

Jumapili mchana Mwalimu alimsikia akifanya mazoezi jikoni. Akashindwa kujizuia.

"*Shedyuli*, mwanangu! Sikukulea hivyo."

Binti akaweka sufuria chini. "Hilo ndilo tatizo, baba. Mengine yote nayasema vizuri. Nikifika kwenye hilo moja, naisikia rula yako. Ulimi unarudi shule."

Ilimuuma Mwalimu kujua kwamba kazi ya mtoto ingepotea kwa sababu yeye alifundisha vizuri mno. Akaingia chumbani, akafungua kabati, akatoka na rula. Binti akarudi nyuma hatua moja, mtu mzima na miaka yake ishirini na saba.

"Kaa," akasema mzee. "Mimi ni mteja. Mzigo wangu umechelewa na nina hasira."

Akaenda sebuleni, akampigia simu. Mteja mwenyewe alikuwa kituko: aliongea kwa pua, akatafuna chingamu ambayo hakuwa nayo mdomoni. Binti alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajisahau.

"Samahani, nitaangalia *shedyuli* yako..."

Pa! Rula ikalia sebuleni.

"*Skejuli!*" akanguruma Mwalimu. Neno lilimtoka kama dawa chungu, lakini lilitoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye siku hiyo aliinama mpaka kiuno kikauma. Walirudia hadi chai ikapoa.

Jumatatu jioni binti aliingia bila kubisha hodi.

"Nimepita, baba! Nilipofika kwenye lile neno nikaisikia rula, nikalisema sawasawa."

Mwalimu alitaka kusema jambo zito kuhusu vizazi, akaishia kupangusa miwani. Alikuwa na furaha, na hakujua aifiche wapi.

Binti akachukua karatasi ya kliniki, akaibandika ukutani kando ya kiti cha baba yake. Kwa heshima zote, akatamka taratibu, kama alivyofundishwa utotoni:

"Hii hapa *shedyuli* yako ya dawa, baba."

Rula ilikuwa bado mezani. Mkono wa mzee ukaifikia kabla akili haijafika.

Pa!

"*Skejuli*," akamsahihisha.