Dole Kwenye Sabuni

Nilikuwa nimeshafungua pampu ya taa ya karabai na kutoa ngozi yake iliyokauka kama gome. Nozeli na sindano yake nilivilaza kwenye kitambaa. Tangi nililipindua mapajani ili nikwangue uchafu wa chini, na kisu kikagusa donge gumu la rangi ya kahawia, pembeni mwa kitako.

"Hapo subiri, shemeji," alisema Cornelia.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya kibanda changu hapa Majengo tangu asubuhi. Nilikuwa nimemwomba aende kwa binti yake Lydia, mtaa wa Kizwite, akapumzike mpaka nimalize. Alikataa. Karabai ilikuwa ya marehemu mumewe, Theodory, kaka yangu, na alikuwa ameipakata kutoka kijijini Mpui ikiwa imefungwa kwenye kitenge.

"Ni sabuni ya mche," nilimwambia. "Tangi lilitoboka, likazibwa. Mbona hakuniletea? Ana mdogo wake fundi mjini, anaziba kwa sabuni?"

"Alisema ukiipokea utakaa mwezi mzima unaitazama tu. Na watu walikuwa wanaihitaji kila wiki."

Hilaria, anayeuza mitumba kibanda cha pili, hakungoja kukaribishwa. "Mama, huyo? Ukimwachia hiyo taa, andikisha kabisa na misa ya mwaka wa pili!"

Alipokwisha kusema akajiziba mdomo, maana alikumbuka misa yenyewe ni ya nani. Lakini Cornelia alicheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Mwache shemeji yangu," alisema. "Hata kula anakula hivyo hivyo."

Misa ya mwaka mmoja wa Theodory ilikuwa ifanyike Jumamosi. Kabla umeme haujafika kwao, karabai hii ndiyo iliyomulika misiba na harusi za upande ule. Mara nyingi Theodory aliipeleka mwenyewe, akaketi kando yake na kuipampu kila mwanga ulipofifia. Akiwa na homa, au amechoka na shamba la ulezi, ilikwenda na waliokuja kuiazima. Kisha nguzo za umeme zikafika na karabai ikawekwa darini. Alipofariki yeye, waombolezaji walikaa chini ya balbu.

"Watu wote aliwakesha kwa taa yake," alikuwa ameniambia Cornelia asubuhi. "Yeye tukamkesha kwa waya uliovutwa kutoka kwa jirani. Jumamosi nataka iwake. Hata kama ni wakati wa chakula tu."

Nilikuwa nimekaa chini ya balbu ile.

Sasa nilimweleza kazi ilivyo. Nikipampu, upepo utaisukuma ile sabuni na kutokea pale pale. Lazima sabuni itoke yote, shaba isuguliwe mpaka ing'ae, ndipo nitie lehemu.

"Leta kwanza nione."

Alilipokea tangi, akaligeuzia mlangoni kwenye mwanga, akalisogeza mpaka karibu liguse pua. Jicho lake moja lina ukungu, na lile jingine nalo limeanza. Kidole chake kilikaribia donge lile, kisha kikasita.

"Shemeji. Kuna dole."

Niliinama. Ni kweli. Katikati ya sabuni kulikuwa na kishimo cha dole gumba lililoikandamiza ilipokuwa mbichi, na mistari ya ngozi ilibaki humo, imekauka pamoja na sabuni.

"Ni lake," alisema. "Kovu lake hili hapa."

Tulipokuwa watoto, shoka liliteleza Theodory akipasua kuni, likamchana dole gumba la kulia. Lilipona na kuacha mfereji mwembamba kwenye nyama yake. Na kweli, kwenye sabuni kulikuwa na mstari uliokatiza.

Hilaria aliacha kupanga nguo.

"Nguo zake ziligawanywa," alisema Cornelia, sauti ikiwa chini. "Jembe lake limetiwa mpini mwingine. Picha ninayo, lakini ni ya kitambulisho, kaminya midomo kama mtu mwingine. Hapa kaweka mkono mwenyewe."

"Basi nisikwangue?"

"Usipokwangua, haiwaki."

"Haiwaki."

"Yaani Jumamosi tukae tena chini ya balbu."

Nilichukua wembe, nikajaribu kuupenyeza chini ya ukingo wa donge, labda lingebanduka zima. Chembe moja ilidondoka ikawa unga. Niliurudisha wembe mahali pake. Cornelia alikuwa amefumba macho.

Nikachukua lenzi ninayotumia kwa saa, nikaiweka jichoni, nikalileta tangi karibu.

Mstari ule haukuishia kwenye dole. Ulipita kishimo, ukaendelea juu ya sabuni laini mpaka ukingoni, na njiani ukatoa tawi jingine dogo. Ulikuwa ufa, kama sabuni inavyopasuka ikikauka. Ndani ya dole, mistari ya ngozi ilifika kwenye ufa na kuendelea upande wa pili ikiwa imenyooka. Ngozi iliyowahi kuchanika haiachi mistari namna ile. Nilijiambia huenda alitumia dole la kushoto. Inawezekana. Lakini nilifikiria pia wote walioibeba karabai hii kwenda nayo kwao, na taa inayovuja mafuta katikati ya msiba, na mtu yeyote aliyeomba kipande cha sabuni kwa akina mama jikoni.

"Unaona nini?" aliuliza.

"Sabuni imekauka sana."

"Sikuulizi sabuni." Alifumbua macho. "Wewe umekua naye. Na hicho kioo unacho. Ni dole lake, au si lake?"

Kama ningesema si lake, angeniruhusu nikwangue, na Jumamosi karabai ingevuma Mpui kama zamani. Lakini angekuwa amefiwa tena, hapa kwenye kigoda changu. Kama ningesema ni lake, angerudi nyumbani kulinda dole la mtu ambaye pengine hata jina lake hatulijui, na taa isingewaka.

Upepo wa jioni ulikuwa umeanza kupenya kwenye mabati. Hilaria alikunja turubai lake polepole kuliko kawaida.

"Mwanga umepungua, shemeji," nilisema. "Kesho asubuhi nitalitazama juani."

Cornelia aliinuka. Kisha akalichukua tangi na kulifunga kwenye kitenge, upande wa sabuni ukiwa juu.

"Hili nalala nalo kwa Lydia. Hivyo vingine baki navyo."

"Haya. Nitavisafisha."

Mlangoni aligeuka. "Isdori."

Tangu aolewe kwetu hakuwahi kuniita kwa jina.

"Kesho usije ukaniambia neno la kunifurahisha tu."

"Sawa."

"Ujue nitalijua."

Akaondoka, mikono yote miwili chini ya kitenge. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona ya kwenda Kizwite. Kisha nikarudi ndani, nikaitumbukiza ngozi ya pampu kwenye mafuta, ilainike mpaka asubuhi.