Tangazo la Mwisho la Maman Eulalie

Watu wa Bukavu, ukipotea machoni pao, wanakutungia maisha mengine. Maman Eulalie walikuwa wameshamtungia mengi. Wa kwanza kasema yuko Bujumbura, wa pili kasema ameolewa Kinshasa na mheshimiwa mmoja, wa tatu kaapa kwa Bikira Maria kwamba alimwona Ulaya. Ulaya gani? Mwenyewe yuko hapo hapo mjini, mtaa wa Kadutu, anakaanga mandazi mbele ya nyumba aliyoachiwa na mama yake, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Watu wananunua, wanakula, wanajipangusa midomo, wanaenda zao. Na huyo ndiye aliyekuwa akiingia sebuleni mwao kila jioni, kwenye televisheni ya mji, akiwasomea habari, arusi, watoto waliopotea na misiba! Jamani, binadamu tunasahau upesi.

Tangu waasi wauteke mji, aliacha kuonekana. Alisema sauti yake si ya kukodisha, akaenda kununua karai.

Waasi nao walikuwa na mtangazaji wao, Alphonse fulani, kijana wa tai pana na maneno mengi. Debe tupu haliachi kuvuma. Akianza tu, watu wanazima televisheni. Ndiyo maana asubuhi moja Komanda Constantin, mkuu wa waasi hao, alisimama mbele ya karai, askari wawili nyuma yake. Hakuwa mtu wa Kivu. Aliletwa na vita kutoka mbali, na mji aliujua kwa ramani tu.

"Maman Eulalie," alisema kwa upole, "nimekutafuta sana."

Eulalie aliendelea kugeuza mandazi. Alijua kilichomleta. Placide, mdogo wake, mwalimu wa shule, alikamatwa akitoka darasani, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona. Katika tumbo la mama yao walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na Placide.

"Mdogo wako yuko kwangu," Komanda aliendelea. "Mzima. Leo jioni utasoma komunike yangu, tangazo langu kwa vijana, kwenye televisheni. Kesho vijana wakija, Placide atalala nyumbani. Wasipokuja..."

Akachukua andazi, akaliuma, akaondoka bila kumaliza maneno.

Komunike yenyewe ilikuwa fupi. Vijana wote, mtaa kwa mtaa, wafike kesho asubuhi kwenye uwanja wa mpira, bila woga, wapewe vibali vya kutembea na kazi ya kutengeneza barabara. Barabara! Kule Walungu, nje ya mji, vijana waliitwa hivyo hivyo. Waliokwenda walikwenda na majembe begani, wakapakiwa kwenye malori, wakapelekwa vitani, na mpaka leo mama zao wanauliza wapita njia. Lakini kule Walungu wengi hawakuamini, wakakimbilia mashambani. Bukavu wangeamini, kwa sababu anayesoma ni Maman Eulalie, na Maman Eulalie hajawahi kuwadanganya. Hilo ndilo alilolifikiria siku nzima.

Jioni askari wakampeleka studio, Komanda mwenyewe akifuatana nao. Gérard, mpiga kamera wa zamani, alipomwona alisogea karibu.

"Maman, utasoma kweli?" alinong'ona.

"Washa taa, Gérard."

Aliketi. Halafu, polepole, akavua hereni, akaziweka mezani. Akapangusa poda usoni. Akatoa kitambaa cheusi mkobani, akajifunga kichwani.

Sasa sikiliza. Televisheni ile ilikuwa na desturi yake. Mtangazaji akifika kwenye misiba, anavua hereni, anafunga kitambaa, anasoma taratibu, na akimaliza anakunja karatasi na kuinamisha kichwa mpaka picha ikatwe. Hata bibi asiyejua neno moja la Kifaransa alijua: Maman amevua hereni, nyamazeni, kuna mtu amekufa. Mji mzima uliijua desturi hiyo. Komanda angeijulia wapi?

Lakini macho alikuwa nayo.

"Hereni umevua kwa nini?"

Eulalie alizisogeza hereni pembeni ya meza.

"Zinang'aa kwenye taa, Komanda. Zinaharibu picha."

Komanda akamgeukia Gérard, mkono kwenye mkanda wa bastola. Gérard alifuta lenzi ya kamera kwa kidole. Alikuwa na mke, na alikuwa na woga wake kama mtu yeyote.

"Njo vile, Komanda," alisema, akimuunga mkono Eulalie. "Inaharibisha picha."

Komanda akamtazama, akamtazama tena, kisha akaketi.

Eulalie akasoma. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Ila alisoma kwa sauti ile ya kuzika, kila jina la mtaa likishuka taratibu, na "bila woga" yake ilitoka nzito mpaka askari mlangoni akavua kofia bila kujua kwa nini. Alipomaliza akakunja karatasi, akainamisha kichwa.

"Vizuri sana!" Komanda alisema. "Hata askari wangu umewatuliza."

Eulalie alirudi nyumbani. Alijua alichofanya, na alijua nani atakilipia. Aliuma shuka ili jirani wasimsikie akilia.

Kesho yake malori yalingoja uwanjani mpaka jua likawa kali. Hakuja hata mmoja. Lakini uani kwa Eulalie watu walianza kuingia, kwanza wanawake wa jirani, kisha wa mitaa ya mbali, wakiulizia nyumba ya mama yake. Walikuja na kuni, viti, mabakuli ya maharage, vitenge vimefungwa kiunoni kama watu wanaokwenda matangani. Mbele alikuwa Maman Bintu, aliyenunua mandazi yake kila siku bila kumtambua.

"Kumbe ni wewe, Maman!" alisema, akamshika mikono. "Batoto bote bamejificha. Tulisikia, tulielewa. Lakini batu banauliza, hapa kwako njo nani alikufa?"

Eulalie alitazama barabarani. Placide hakuonekana akipanda mlima wa nyumbani. Angeweza kusema hakuna msiba, wachukue kuni zao warudi makwao.

"Mukae," alisema. "Ni Placide."

Maman Bintu akaweka mkono mdomoni. "Yesu wangu! Banani bamekuambia?"

"Hapana mutu. Ni miye nilimutangaza jana."