Moshi wa Pilipili kwenye Pango la Zimwi

Hakuna shauri lililowahi kunishinda kuamua. Ni kweli, mashauri yenyewe huwa ni nani kamaliza ukoko wa wali, na mara nyingi aliyeumaliza ni mimi. Lakini sifa ni sifa. Ndiyo maana wajukuu zangu waliniweka mwamuzi wa mchezo wao wa hadithi, ule wa kukaa mezani, kila mmoja akawa na shujaa wake, na jambo lenye mashaka likaamuliwa na dadu. Mazimwi yote ni mimi.

Mchana huo palichafuka. Shujaa wa Salha alikuwa hoi, pigo moja tu limmalize, na zimwi limeziba mlango wa pango. Badala ya kuchomoa upanga, Salha akasema, "Natupa pilipili zangu kwenye moto wake. Likianza kukohoa, napita."

Kaka yake Ngwali akaruka. "Kanuni hazina pilipili!"

"Wala hazikuzikataza! Bibi, ukikataa shujaa wangu ndiyo kafa, na mimi sichezi tena."

Nikawaambia watulie, nifikiri. Nikalaza shavu mezani, nifikiri vizuri zaidi.

Nikajikuta katika nchi tambarare kama ubao, njia zake zimechorwa miraba, na mwanamke mwembamba mwenye kibaba mkononi akanipokea. "Mimi ni Kiasi," akasema, "twende polepole." Akanipitisha kwanza mjini kwa Bi Ndiyo, mama mwenye mikono wazi asiyemnyima mtu kitu. Mashujaa wake waliomba mbuzi wa kuruka, wakapewa; waliomba majoka yageuke maandazi, yakageuka; na sasa wamejilaza vibarazani wanapiga miayo, maana hakikubaki cha kuogopa. Mmoja aliniomba nimtishe kidogo. Nilijitahidi, akanishukuru kwa adabu, akalala. Ng'ambo ya mto ulikuwa mji wa Bwana Hapana, ukuta usio na dirisha, watu wakiugonga kwa panga zilezile mahali palepale. Binti aitwaye Werevu, ambaye macho yake ndiyo yaliyokuwa taa ya mji ule, alileta ngazi. Hapana, akaambiwa. Akaleta kamba. Hapana. Akaketi chini, akafumba macho, na giza likaanza kuingia.

"Mbona unamkatalia?" nikauliza.

"Kanuni," akajibu Bwana Hapana, bila kunitazama.

Kiasi akamfunua joho. Kwapani alikuwa kaficha wimbo mrefu wa zimwi, alioutunga kwa jasho, akiogopa usije ukakatizwa kabla haujaimbwa. Ajabu, nilizijua beti zake zote. Nikalitazama lile joho vizuri: lilikuwa kanga yangu ya jikoni.

"Basi nimkubalie tu?" nikamuuliza Kiasi.

"Umeshaisahau miayo? Mtu akikuletea werevu, usimpe ushindi, wala usimfungie mlango. Mpe nafasi, uipime. Moto upo? Pilipili anazo? Upepo unaelekea wapi, na ukimgeukia, nini kitampata? Kisha liachie dadu, nawe ukubali litakachosema, hata kama kitauzika wimbo wako." Akanimwagia kibaba chake usoni. Kilijaa moshi wa pilipili. Nikapiga chafya, nikaamka.

Kumbe siku zote nililinda wimbo, nikauita kanuni.

"Pilipili nimezikubali," nikasema upesi. "Salha, tupa dadu. Ikija nne au zaidi, zimwi linakohoa, unapita. Ikipungua, upepo umegeuka, moshi wote ni wako."

"Bibi, ulilala."

"Nani alale? Nilikuwa macho, nafikiri. Mwamuzi halali, mke mwenzangu."

"Haya. Dadu liko wapi?"

Likatafutwa, likaonekana pale pale nilipokuwa nimelaza kichwa, dadu la mti alilolichonga Ngwali mwenyewe. Ngwali akaniangalia, akaziba mdomo kwa viganja viwili. Salha akaja karibu, akanigeuza uso kwenye mwanga, akanigusa shavu kwa kidole, nukta baada ya nukta.

"Tano," akasema. "Nimepita. Au Bibi ataapa tena kwamba hakulala?"