Kibuyu cha Kwanza

Siku ya kumi na sita ya dawa mpya, Adela aliamka na shoti kichwani. Hayakuwa maumivu; maumivu angeyazoea. Ilikuwa kana kwamba mtu ameshika nyaya mbili za betri ya pikipiki na kuzigusanisha ndani ya fuvu lake kila alipogeuza macho. Akatazama mlango: cha. Akamtazama mumewe, Modesti, aliyekuwa anavaa gambuti: cha tena, kama vile Modesti ndiye mwenye kosa. Mwishowe aligundua kwamba akigeuka mwili mzima, mabega na kiuno, kama mtu aliyevaa pipa, shoti inapungua. Akatoka nje hivyo hivyo, kipipa-pipa, kwenda kutapika nyuma ya banda.

Daktari Tuntufye wa kliniki ya mjini Sumbawanga alikuwa amemweleza yote hayo mapema. Adela alikuwa na sonona, na kwa karibu mwaka mmoja alimeza vidonge vya zamani. Vidonge vile vilimtoa kitandani, kwa maana kwamba aliacha kutaka kufa, halafu vikamrudisha kitandani kwa mlango wa nyuma: alilala mpaka jua la saa nne, akaamka na kinywa kikavu kama gunzi, akala kiporo, akalala tena. Ndipo daktari akaamua kubadilisha. Vya zamani apunguze nusu, kisha robo, kisha aache. Vipya aanze kidogo kidogo. Katikati hapo, alisema daktari, ni kama kuhama nyumba wakati wa mvua. Atatapika, atatoka jasho, atatetemeka, ataota mambo ya ajabu, kichwa kitapiga shoti. Avumilie wiki nne, labda sita. Mawazo ya kufa yakirudi, asingoje tarehe ya kliniki, aje siku hiyo hiyo. Na pombe asiguse.

Adela aliuliza hata kuonja. Daktari akasema hata kuonja.

Daktari Tuntufye alikuwa Mnyakyusa, Mmoraviani wa kuzaliwa, hajawahi kulewa hata kwa bahati mbaya. Kwake pombe ilikuwa kinywaji. Hakujua kwamba huku kijijini, njia ya kwenda Matai, pombe ni jembe.

Na jembe ndilo lililokuwa linamkosesha Adela raha kuliko kutapika. Shamba lao la bondeni Modesti aliachiwa na marehemu baba yake, lakini kwa utaratibu wa ukoo wao, shamba likilala masika mawili linarudi kwa ndugu anayeweza kulilima. Masika yaliyopita lililala, kwa sababu Adela naye alilala, uso ukutani. Mwaka huu, tangu Februari, Isdori, kaka mkubwa wa Modesti, alikuwa ameonekana mara mbili akilipima kwa hatua, mikono nyuma, kama mtu anayetembea tu kusaga chakula.

Sasa ilikuwa mwishoni mwa Machi. Majani yamefika kiunoni, udongo laini. Ndio wakati wa kuyafyeka, kuyakusanya mafungu na kuyafunika kwa udongo yawe ntumba, yale matuta ya mviringo, yaozee humo ndani ili mwakani ulezi uote bila kubembelezwa. Mvua ikikata, udongo wa kule unakuwa tofali. Modesti alikuwa mlinzi wa ofisi Matai, anakuja nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumapili. Yalihitajika majembe kumi na tano kwa siku moja, na watu wenye majembe kumi na tano wanakuja kwa pombe ya ulezi. Kwa hela watu wale wangekuja pia, lakini wangelima kama kuku.

Basi Adela akapika pombe. Alikoroga huku amefunga pua kwa kanga asisikie harufu ya kimea. Alhamisi, wakati wa kuchuja na mama mkwe wake, Stefania, mkono ulisahau agizo la daktari, ukafanya ulichozoea tangu usichana: ukateka kidogo ukapeleka mdomoni. Mafunda mawili tu. Sakafu ikainuka upande mmoja. Alitapika mpaka jioni, na kilichomtisha hakikuwa kutapika. Ni kwamba ile huzuni ya mwaka jana iliingia ndani ikakaa kama mwenye nyumba aliyerudi safari.

Kwa hiyo alijua. Na Jumamosi ilikuwa inakuja na desturi yake: mwanamke aliyepika pombe ndiye anayekunywa kibuyu cha kwanza, amesimama mbele ya watu, mpaka tone la mwisho, kisha anakipindua kila mtu aone. Hakuna aliyekumbuka mtu kuwahi kutegewa sumu kijijini pale. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukumbukwa.

Ijumaa Modesti alikuja na mpango aliouchonga njia nzima kutoka Matai. Togwa, isiyolevya. Rangi ile ile, ulezi ule ule, jiko lile lile. Wajaze kibuyu cha kwanza togwa, wakiweke pembeni, Adela anywe, biashara imekwisha. Adela aliuliza kwa nini wasiwaambie watu ukweli. Modesti akamkumbusha kwamba kijiji kizima kinajua ana presha. Modesti mwenyewe ndiye aliyeitangaza hiyo presha nje ya kanisa, na presha ni ugonjwa wa heshima, hata katekista anao. Ugonjwa wa kichwa je? Angela angekuja kukosa mchumba. Angela, binti yao, alikuwa na miaka tisa.

Adela hakuwa na nguvu za kubishana. Wakashinda wakipanga. Walifikiria rangi, wakafikiria harufu, wakafikiria hata povu, Modesti akalipuliza kwa mrija.

Watu walikuja alfajiri ya Jumamosi, wakalima mistari miwili, na saa nne wakakaa kwenye majani wakisubiri haki yao. Adela akashuka na Stefania, mtungi umebebwa kwa mti. Mwenyewe alishika kibuyu chake kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka kama aliyelima yeye. Akasimama, akanywa mpaka mwisho, akakipindua.

Hakuna aliyepiga makofi. Isdori, aliyekaa mbele kama mkubwa wa ukoo, hakupokea kibuyu alichopewa.

"Shemeji," alisema taratibu, "hicho umekichota wapi?"

Hapo Adela akaona kosa lao, kubwa kama ng'ombe. Walifikiria kila kitu isipokuwa kuchota. Mwenye pombe huchota mtungini mbele ya macho ya watu. Yeye alikuja na kibuyu kimejaa kutoka nyumbani. Mtu anayetaka kuua watu kumi na tano angefanya vivyo hivyo.

Modesti alianza kusema jambo kuhusu presha. Isdori hakumtazama.

"Chota humu," alimwambia Adela.

Wengine walikuwa wameshaweka vibuyu chini. Mmoja alivuta jembe lake karibu. Adela akainama, shoti ikapiga, akachota. Akakileta karibu na mdomo. Ilinuka vizuri, hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa mpishi mzuri. Kingemgharimu nini? Kutapika tena, na yule mwenye nyumba kurudi. Shamba lingepona. Alitazama majani yaliyosimama kuelekea mtoni, akakirudisha kibuyu chini.

"Sina presha," alisema. "Nina sonona. Mwaka jana nilipolala ndani haikuwa presha. Nilikuwa nataka kufa. Sasa wamenibadilishia dawa, na hii dawa haitaki pombe. Nilichokunywa ni togwa. Pombe ni nzima, ila mimi siwezi kuwathibitishia."

Aliyejibu ni Valeria, jirani wa nyumba ya pili, mwanamke ambaye hata msibani huambiwa apunguze maneno.

"Mama Angela, mwaka mzima nakuchumia majani ya presha. Ulikuwa unayapeleka wapi?"

"Nilikuwa nampa mbuzi."

"Ndiyo maana mbuzi wako ana adabu kuliko mume wangu."

Wawili watatu wakacheka, si sana. Stefania hakucheka. Aliinuka, akakichukua kile kibuyu, akanywa mpaka mwisho, akachota kingine mbele ya macho ya wote, akanywa hicho nacho, kisha akakaa chini karibu na mtungi na kuwatazama, mdomo umejaa povu, kama anayesema haya, nisubirini nife.

Lakini desturi ilisema mpishi, haikusema mama mkwe. Saba waliondoka, na waliondoka kwa heshima zote. Mmoja alikumbuka mbuzi hajafungwa. Mwingine alikumbuka msiba huko Chala. Isdori hakukumbuka chochote. Aliaga tu, akaweka jembe begani. Nane wakabaki, wakanywa, wakalima mpaka jua likazama, Adela kati yao, akiinama na shoti na kuinuka na shoti. Chini kabisa, upande wa mto, kikabaki kipande cha majani.

Jioni Modesti alisema neno moja tu: bora Adela angesema presha imepanda. Jumapili aliondoka kwenda Matai bila kumwamsha.

Siku zilizofuata Adela alishuka bondeni peke yake. Siku nyingine alifunika matuta manne, siku nyingine mawili, siku moja alitapikia jembe akarudi. Watoto waliokuwa wakimsalimia njiani sasa walisimama pembeni apite kwanza. Kulikuwa na siku aliyolala, uso ukutani, akitazama kopo lenye vipande vya vidonge vya zamani, akihesabu ni vingapi vingempa usingizi wa siku mbili. Hakutaka zaidi ya hapo, usingizi tu. Alimpigia daktari. Daktari akamuuliza kama anataka kufa. Akajibu hapana, amechoka. Akaambiwa hilo kopo ampe mama mkwe alitunze, na aje Jumatatu. Akampa. Stefania alilifunga kwenye pindo la kanga bila kuuliza ni la nini.

Mvua ikakata wiki ya Pasaka. Jembe likaanza kuruka juu ya udongo, na kile kipande cha mtoni kilikuwa bado kimesimama na majani yake.

Isdori alikuja asubuhi na sururu. Alimkuta Adela anang'oa magugu kwenye matuta yake, akapita katikati yake kwa uangalifu asikanyage hata moja, akasimama kwenye majani.

"Hiki nakichukua, shemeji."

"Chukua."

"Hayo mengine ni yako. Nitasema hivyo mbele ya wazee."

Adela akaitikia kwa kichwa. Isdori aliinua sururu, akaishusha tena bila kupiga.

"Na kichwa?" aliuliza, akitazama mtoni.

"Bado."

"Basi usikae juani."

Akaanza kulivunja tofali. Adela alikaa juani mpaka akamaliza tuta la mwisho, lile lililopinda kuliko yote, kisha akapanda nyumbani kulala, na usingizi, kama kawaida ya siku zile, haukuja.