Samaki Ndani ya Fulana

Wifi yangu alisema ninunue fulana dukani, niache kujitesa. Thubutu! Nilipachika kitambaa cha njano ndani ya fulana ya buluu ya mwanawe, nikashona umbo la samaki, kisha nikaanza kukata buluu ya juu pekee, ili njano ionekane. Mkasi ukapitiliza, ukatoboa vyote viwili. Wifi akacheka mpaka akashika mbavu.

“Cheka tu,” nikamwambia. “Sishindwi na kitambaa mimi.”

Nikaweka kipande chekundu nyuma ya tundu, nikashona tena. Samaki akapata jicho.

Mtoto alipoivaa, aliligusa lile jicho. “Shangazi, chini ya nyekundu kuna nini?”

“Kuna wewe,” nikasema. “Hapo hata mkasi wangu unasimama.”