Baba Mdogo wa Apajok

Mgeni alifika kambini Kakuma mchana, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, akasema yeye ni Malual, mdogo wa marehemu Ater. Amekuja kumchukua Apajok, binti wa kaka yake, akasome Lodwar. Mfadhili yupo, bweni lipo, na gari linaondoka alasiri hiyo hiyo.

Yar, mjane wa Ater, alimshika mikono akalia. Malual alipotea vitani akiwa mtoto. Yar hakuwahi kumwona. Lakini kijana huyu aliwataja mababu wa Ater mmoja baada ya mwingine, bila kukwama. Nani mwingine angewajua?

"Kila matanga munayataja hayo majina," Clotilde, jirani yake Mkongo, alimnong'oneza jikoni. "Hata miye nimeyashika. Uniite basi shemeji."

"Una wivu, Clotilde. Wako hawajapata mfadhili."

"Wivu ya nini? Mutoto akishapanda gari, utamufuata na miguu?"

Yar akageukia chungu chake. Apajok, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa amekwisha kufunga nguo zake ndani ya leso.

Yar akapakua asida, ugali wa kwao, na bamia, akamtengea mgeni, kisha akamwita binti. "Kaa hapa, umwone baba yako mdogo akila."

Mgeni akaurudisha mkono. "Nimeshiba, shemeji. Nilikula njiani."

Yar akadhani ni uchovu. Akamtuma Apajok maji bombani. Binti alipotoka tu, mgeni alikula tonge juu ya tonge kama mtu aliyefunga. Apajok aliporudi na ndoo kichwani, mkono ule ukasimama hewani. Akasukuma bakuli, macho chini.

Hapo Yar akakumbuka mila ya kwao. Kijana wa Kidinka haonekani akila na msichana ambaye angeweza kumposa. Ni aibu anayolelewa nayo, haimtoki hata akiwa mbali na kwao. Ila mbele ya dada zake, mbele ya binti za kaka yake, anakula bila haya.

"Kula, Malual," Yar alisema taratibu. "Huyu ni mwanao."

"Shemeji, gari litaniacha."

"Tonge moja tu mbele yake, na mzigo wake nitaubeba mwenyewe hadi garini."

Akalichukua tonge. Likafika midomoni. Jasho likamtiririka shingoni, na tonge likarudi bakulini.

"Apajok, nenda kwa Clotilde. Usitoke humo."

Mgeni aliruka ua wa miiba. Clotilde akapiga yowe, walinzi wa mtaa wakamkamata kabla hajafika barabarani. Simu yake ililia mikononi mwao, sauti ya dereva ikauliza, "Wa pili yuko wapi?"

Polisi walilikuta gari Lodwar jioni. Ndani alikuwamo Awoi, msichana wa mtaa wa pili, amekumbatia mkoba wa shule. Mama yake alikuwa amemlisha mgeni huyo huyo asubuhi, peke yake, kwa heshima, binti akiwa chumbani anajiandaa.

Kesho yake Clotilde alitaka kwenda bombani kuwasimulia wanawake wote.

"Waambie sura yake," Yar alisema. "Waambie habari ya mfadhili na gari. Ya chakula nitawaambia mwenyewe, mama mmoja mmoja, ndani ya nyumba."

"Kwa nini ufiche?"

"Wa kesho asije amejizoeza kula."